Boti Inayosafiri kwa Tanga Ikikaa Nchi Kavu: Dalili, Chanzo na la Kufanya

Chombo kikiwa majini, mwenyewe hukisikiliza. Usiku pampu ya ngama (maji yanayokusanyika chini ndani ya chombo) ikiunguruma mara mbili badala ya mara moja, anaamka. Kikishapandishwa nchi kavu na ngazi ikaondolewa, hakuna wa kukisikiliza tena, na mambo huharibika kimyakimya kwa miezi. Ukirudi unakuta injini imegoma, magodoro yameota kuvu, betri imekufa, na unaanza kulaumu hali ya hewa au mlinzi wa yadi.

Miaka ya kupandisha vyombo na kuvishua (kuvirudisha majini) imenionyesha kwamba karibu kila hitilafu unayoikuta ukirudi ilianza kabla hujaondoka, tena mara nyingi katika zile siku mbili za mwisho zenye haraka. Ni maji ya chumvi yaliyoachwa mahali, ni hewa isiyotembea, au ni kitu kilichozibwa na hakikuandikwa popote. Kwa hiyo hapa tutaanza na dalili, turudi nyuma hadi kwenye chanzo, kisha tuone la kufanya leo na la kufanya msimu ujao.

Kitu kimoja kiandae kabla ya yote: lebo ya ufunguo. Chukua kipande cha plastiki ngumu, kifunge kwenye ufunguo wa injini, na uandike juu yake kwa wino usiofutika kila ulichokifunga, ulichokitoa na ulichokiziba. Nitaitaja mara kwa mara.

Saa ya kwanza nje ya maji

Kabla chombo hakijainuliwa, mwonyeshe mwendeshaji wa kreni mikanda ipite wapi. Mkanda ukikaa chini ya shafti ya propela, uzito wa tani kadhaa unabebwa na kitu ambacho hakikutengenezwa kubeba. Madhara yake huenda usiyaone siku hiyo. Utayaona miezi baadaye, injini ikitikisika kila unapoongeza mwendo, na shafti ukiizungusha kwa mkono inalegea upande mmoja na kukaza upande wa pili. Mimi hubandika utepe wa rangi kwenye ukingo wa sitaha mahali mikanda inapotakiwa kukaa, na humpa mwendeshaji picha ya chombo kikiwa nje ya maji ili aone mkuku (uti mzito wa chini ya chombo), shafti na usukani (bapa la nyuma linalogeuza chombo) viko wapi. Mkanda wa mbele ufungwe kwa kamba na ule wa nyuma, la sivyo unaweza kuteleza kwenye mteremko wa omo, yaani sehemu ya mbele ya chombo.

Osha chombo kingali kibichi. Ukoga, mwani na wadudu wa magamba huondoka kwa maji ya presha na kikwaruzo wakiwa bado na unyevu. Wakishakauka wanageuka saruji, na hapo utang'oa na rangi.

Ukimaliza kuosha, zunguka chombo na kalamu ya nta kabla hakijakauka. Dalili kadhaa za chini ya chombo hujificha zikishakauka, na usipoziwekea alama saa hiyo, wiki ijayo utaapa hukuona kitu.

Malengelenge kwenye faibaglasi

Vivimbe vidogo kama vya ngozi iliyoungua, vingine ukubwa wa punje ya mtama, vingine wa sarafu. Swali la kwanza ni kina chake. Vaa miwani ya kukinga macho, maana ndani kuna mgandamizo na kimiminika huruka, kisha toboa kimoja kwa ncha kali.

Yakitoka maji matupu yasiyo na harufu, na chini yake ukakuta jelkoti (tabaka la nje la faibaglasi) nzima inayong'aa, tatizo ni la rangi: ilipakwa juu ya uso wenye unyevu au usiokwaruzwa vizuri. Kwangua sehemu hiyo, kausha, paka upya.

Kikitoka kimiminika kinachonata vidoleni na chenye harufu ya siki, maji yamepenya jelkoti, yameyeyusha kemikali ambazo hazikukomaa ndani ya faibaglasi, na mchanganyiko huo unavuta maji zaidi. Usishtuke. Malengelenge machache hayazamishi chombo, na nimeona watu wakilipia kazi kubwa ambayo chombo hakikuihitaji. Yafungue yote uliyoyawekea alama, osha matundu kwa maji baridi (yasiyo ya chumvi) mara nyingi kwa wiki kadhaa, yaache wazi muda wote wa hifadhi, kisha ujaze kwa epoksi. Hapa kukaa nchi kavu kwa muda mrefu ni bahati, kwa sababu faibaglasi iliyolowa haikauki kwa siku tatu. Anayeziba mapema anafungia maji ndani.

Ufa pale mkuku unapokutana na chombo

Hii ndiyo dalili ninayoitazama kwa makini kuliko zote, na ndiyo watu wengi huipaka rangi juu wakaendelea.

Chombo kikielea, mkuku unaning'inia kwenye bolti zake. Kikipandishwa, mambo yanageuka: mkuku umesimama juu ya magogo na chombo kinaukalia. Mgeuko huo peke yake unaweza kupasua lipu iliyojaza mwanya, na ufa mwembamba kama unywele, hasa mbele ya mkuku, mara nyingi ni lipu tu.

Utajuaje? Ufute ukauke, kisha urudi kesho yake, na keshokutwa, na wiki ijayo. Ufa mkavu unaobaki mkavu unaweza kuchimbwa na kujazwa upya. Ukikuta tone la maji yenye rangi ya kutu linarudi kila ukifuta, maji yanafika kwenye bolti. Bolti za chuma kisichoshika kutu nazo zina adui wake: zikikaa kwenye maji ya chumvi yasiyo na hewa, huliwa kwa ndani kwenye shingo huku kichwa kikiendelea kung'aa. Hapo fungua mbao za sakafu, tazama nati na sahani zake, na umwite fundi atoe angalau bolti moja ionekane. Kukaza nati bila kujua hali ya bolti kunaweza kukata ile iliyobaki.

Kama msimu uliopita uligonga mwamba, usiishie mbele. Mkuku ukigonga kwa mbele, ncha yake ya nyuma husukumwa juu ndani ya chombo. Ingia ndani na tochi, tazama mataruma (mbavu za ndani) ya sakafu karibu na bolti za nyuma, tafuta nyufa au faibaglasi iliyogeuka nyeupe.

Usukani unatoa jasho

Siku mbili tatu baada ya kupandishwa, matone yanaendelea kutoka chini ya usukani ilhali chombo kizima kimekauka. Maji yameingia ndani kupitia pale mhimili wa chuma unapokutana na faibaglasi. Toboa tundu dogo sehemu ya chini kabisa, liache litoe maji muda wote wa hifadhi, na uandike kwenye lebo ya ufunguo: "tundu la usukani lizibwe." Penye baridi ya kugandisha hili si la hiari. Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, na usukani unapasuka katikati kama ganda.

Zinki na propela

Zinki (kipande kinachofungwa ili kilike badala ya vyuma vya chombo) iliyolika nusu imefanya kazi yake, weka mpya. Ya kutia shaka ni ile iliyobaki nzima baada ya msimu mzima. Ama ilipakwa rangi kwa makosa, ama haigusani na chuma inachotakiwa kukilinda, kwa hiyo kuna kitu kingine kimelika badala yake. Iliyokwisha ndani ya wiki chache inaonyesha umeme unaovuja, mara nyingi kupitia waya wa umeme wa gatini.

Kisha gonga propela kwa mpini wa bisibisi. Ikilia kama kengele, ni nzima. Ikitoa sauti ya kufa, na ukiikwaruza unaona rangi ya waridi badala ya manjano, zinki iliyomo ndani ya shaba imekwisha kutoka na chuma kimebaki kama sifongo.

Milango ya ndani imegoma kufunga

Unapanda ngazi wiki moja baada ya chombo kuwekwa, unakuta mlango wa choo uliokuwa ukifunga vizuri sasa unakwama. Shuka ukatazame jeki. Yawezekana ubavu wa chombo umebonyea pale jeki ilipo.

Uzito wote, au karibu wote, unatakiwa ukae juu ya magogo yaliyo chini ya mkuku. Jeki za pembeni kazi yake ni kuzuia chombo kisilale, si kukibeba. Zikikazwa kupita kiasi, au zikiwekwa katikati ya ubavu mahali pasipo na ukuta wa ndani, faibaglasi inasukumwa ndani. Mweleze fundi wa yadi kuta za ndani ziko wapi. Ukigonga kwa kidole cha kukunja utasikia sauti nzito pale ukuta ulipo. Usiguse jeki mwenyewe ukiwa peke yako. Nasema hili kwa uzito wote: kulegeza jeki moja bila nyingine kuwekwa kwanza kumeua watu.

Mambo mengine ya kukagua hapo hapo. Kila jeki iunganishwe kwa mnyororo na mwenzake wa upande wa pili, ili miguu isiteleze nje. Chini ya miguu pawe na plaiwudi, kwa sababu ardhi iliyokuwa ngumu kiangazi hulainika masika na mguu mmoja ukazama. Turubai lisifungwe kwenye jeki hata kwa kamba moja, maana upepo ukilivuta linaondoka na jeki. Na chombo kiinamie kidogo upande ambao mashimo ya kutolea maji ya kokpiti (sehemu ya wazi anapokaa nahodha) yapo, yasiyo na majani wala taka. Mvua ya miezi minne ikikosa pa kutokea hujaza kokpiti, hupita mlangoni, na injini yako inazama ikiwa nchi kavu.

Ndiyo maana napenda kutoa kile kipimo cha mwendo chenye gurudumu dogo chini ya chombo na kuacha tundu lake wazi lenye wavu. Maji yoyote yatakayoingia yatajitokea yenyewe. Kwenye lebo, herufi kubwa: "TUNDU LA KIPIMO LIKO WAZI."

Injini haizunguki

Umegeuza ufunguo, unasikia "tak" moja, kisha kimya. Usirudie mara kumi. Simama ufikiri.

Anza na rahisi: betri, na pale nyaya zake zinapokaza. Kutu ya kijani au unga mweupe kwenye terminali unatosha kuzuia umeme wa stata hata kama taa zinawaka. Safisha, kaza, jaribu tena.

Kama umeme ni mzima na injini bado imegoma, acha stata. Weka spana kwenye nati ya mbele ya injini na uizungushe kwa mkono taratibu, kuielekea njia yake ya kawaida. Ikienda robo mzunguko na kugonga kitu kisicholegea, yawezekana kuna maji ndani ya silinda. Maji hayagandamiziki, ukilazimisha kwa stata unapinda mkono wa pistoni. Toa injekta, zungusha kwa mkono maji yatoke, mwaga oili, weka mpya, na utafute yalikopitia. Mara nyingi ni kwenye ekzosi. Kuna wanaojaza maji kwenye ekzosi bila kujua: injini inakataa kuwaka, wanapiga stata muda mrefu, na pampu ya maji ya bahari inaendelea kusukuma maji ilhali hakuna moshi wa kuyatoa nje. Ukiona injini inasumbua kuwaka, funga vali ya maji ya bahari mpaka itakaposhika, kisha uifungue mara moja.

Ikiwa haisogei hata kidogo, pete za pistoni zimeshika kutu kwenye kuta za silinda. Hewa yenye chumvi imepanda kupitia ekzosi na kukuta vali imebaki wazi. Mafuta ya kupenyeza kupitia tundu za injekta, siku kadhaa za subira, kisha mkono. Wakati mwingine inaachia.

Yote haya yanazuilika katika mchana mmoja. Badilisha oili kabla ya kuondoka, injini ikiwa ya moto, siyo baada ya kurudi: oili iliyotumika ina tindikali, na ikikaa miezi inakula beringi. Kisha pitisha maji baridi kwenye njia ya maji ya bahari. Ingiza mpira wa kuvuta maji ndani ya ndoo, washa injini, na msaidizi aendelee kujaza ndoo mpaka injini ipate joto na chumvi itoke. Usiunganishe bomba la presha moja kwa moja wakati injini imezimwa, kwani maji yatapanda hadi kwenye silinda. Penye kuganda, ndoo ya mwisho iwe ya dawa ya kuzuia kuganda. Mwisho ziba ekzosi kwa kitambaa chenye mafuta. Lebo: "ekzosi imezibwa."

Injini inawaka lakini inachemka

Kabla ya kitu chochote, chungulia nyuma. Maji yanatoka kwenye ekzosi? Kama hayatoki, zima injini. Vali imefungwa, tundu la kuingizia maji lina kiota cha nyigu, au impela imekufa.

Impela ni gurudumu la mpira ndani ya pampu, na mapanga yake hukaa yamekunjwa upande mmoja. Yakikaa hivyo miezi minane yanakakamaa katika mkunjo huo, na siku ya kwanza ya kazi yanakatika. Mwaka mmoja niliiacha ndani kwa sababu skrubu za kifuniko zilikuwa mahali pabaya na jua lilikuwa linazama. Niliporudi, mshale wa joto ulipanda dakika chache tu baada ya kuwasha. Nilifungua pampu na kukuta mapanga matatu kati ya sita hayapo. Kipande kimoja nilikipata kwenye mpira. Vingine vilikuwa vimejibana mlangoni mwa kipoza joto, vimeziba nusu ya vibomba vyake. Nilivipanga juu ya kitambaa kimoja kimoja, nikivioanisha kama vigae vya chungu kilichovunjika, mpaka mapanga matatu yakatimia. Usifunge mfumo kabla vipande havijatimia. Kipande kilichobaki ndani kitakuchemshia injini siku ya upepo mbaya, mbali na gati.

Siku hizi natoa impela siku ya kupandishwa, naiosha, na ninaifunga kwa uzi kwenye ile lebo ya ufunguo. Hakuna anayeweza kuwasha injini yangu bila kuishika mkononi.

Injini inazima baada ya dakika kumi

Inawaka vizuri, inakwenda, kisha inapungua nguvu na kufa, kama mtu anayekosa pumzi. Tazama kikombe cha kioo chini ya chujio la dizeli. Mstari unaotenganisha vimiminika viwili ni maji. Uchafu mweusi unaoteleza kama kamasi ni vijidudu vinavyoishi pale maji na dizeli vinapokutana. Tangi likiachwa nusu tupu, hewa iliyomo hupanda na kushuka joto mchana na usiku, unyevu wake unageuka matone kwenye kuta na kutiririka chini. Mwaga maji kutoka chini ya tangi, badilisha chujio mara mbili au tatu mfululizo, na uchafu ukiwa mwingi tangi lisafishwe. Safari ijayo acha tangi limejaa karibu kabisa, ukibakiza nafasi kidogo ya kutanuka, na utie dawa ya kuua vijidudu. Mfuniko wa kujazia ukaguliwe mpira wake, maana maji mengi ya matangini ni mvua iliyopita hapo.

Injini ndogo ya ile mashua inayokokotwa nyuma ya chombo inataka kitu tofauti. Chomoa mpira wa petroli na uiache iungue mpaka izime yenyewe, kabureta ibaki tupu. Petroli ya miezi kadhaa huacha utomvu unaoziba matundu madogo.

Betri imekufa

Pima baada ya betri kupumzika saa kadhaa bila kuchajiwa wala kutumika. Kwa betri ya risasi ya volti 12, kiasi cha 12.7 ni kujaa, 12.2 ni nusu, na ikikaribia 11.8 imekwisha. Iliyokaa imeisha kwa miezi huota fuwele ngumu za salfeti kwenye sahani zake, na hizo hazirudi kwa kuchajiwa.

Mwizi ni nani? Zima swichi kuu, kisha weka mita ya ampea kati ya betri na waya wake. Bado kuna umeme unaopita? Tafuta vitu vilivyounganishwa moja kwa moja bila kupita swichi kuu: pampu ya ngama, kumbukumbu ya redio, kengele ya gesi, kipimo cha betri chenyewe. Kila kimoja kinakunywa tone, na matone ya miezi sita yanamaliza betri. Hata bila mwizi betri ya risasi hujipunguza yenyewe, na joto likiwa kali hujipunguza haraka zaidi.

Ijaze kabisa kabla ya kuondoka, ongeza maji safi yaliyotoneshwa kama ni ya kufunguliwa, chomoa nyaya. Sola yenye kidhibiti chaji ni msaada mkubwa, ila nimeona zaidi ya moja ikiwa imefunikwa na turubai la mwenye chombo mwenyewe. Betri za lithiamu zinataka kinyume chake: ziache karibu na nusu, zikiwa zimechomolewa, wala usizipime kwa volti ukadhani umejua, kwani volti yake haibadiliki sana kati ya kujaa na kukaribia kuisha.

Kuvu, na harufu unazokutana nazo mlangoni

Harufu zinatofautiana, na pua inaweza kukuelekeza.

Harufu ya nguo iliyofungiwa ikiwa mbichi ni kuvu, na adui mkubwa hapa ni chumvi. Chumvi iliyobaki kwenye mbao, vitambaa na kamba huvuta unyevu kutoka hewani, kwa hiyo kabati unaloliona kavu linajilowesha lenyewe kila usiku. Futa ndani yote kwa maji baridi, kausha, kisha futa tena kwa siki. Magodoro yasimamishwe kwa ubavu, yasilale. Fungua makabati yote na mbao za sakafu. Kisha chagua njia moja: ama upitishe hewa kwa matundu yenye wavu, mbele na nyuma, ama ufunge kila kitu na uweke mashine ya kukausha hewa inayomwaga maji yake kwenye sinki. Unyevu ukibaki chini ya asilimia 60, kuvu haisumbui. Anayechanganya njia zote mbili anaikausha hewa ya yadi nzima.

Harufu ya mayai yaliyooza kwenye maji ya bomba ni bakteria kwenye tangi au kwenye hita ya maji. Mwaga, osha kwa dawa ya klorini, suuza mpaka harufu iishe. Ila maji yenye klorini yasifike kabisa kwenye mashine ya kuchuja chumvi. Utando wake hauvumilii klorini, na ukiachwa wiki nyingi bila dawa yake ya kuhifadhi unaoza.

Harufu ya choo isiyoisha hata baada ya kusugua kila mahali, ipime hivi. Lowesha kitambaa safi kwa maji ya moto, kikamue, kizungushie mpira wa kutolea uchafu, kiache kipoe. Kinuse mbali na choo. Kikinuka, mpira wenyewe umeshanyonya na kinachobaki ni kuubadilisha. Kisiponuka, nenda kwenye viungio na vali. Kinga yake: siku ya mwisho pitisha maji baridi mengi chooni, kwa sababu viumbe vidogo vya maji ya bahari vikifia ndani ya mpira ndivyo vinavyonuka.

Vali za chini ya maji zimekwama

Usiongeze urefu wa mpini kwa bomba la chuma. Mpini utakatika, au vali nzima itazunguka kwenye faibaglasi. Mafuta ya kupenyeza, joto la wastani kwa nje, na kuisogeza kidogo mbele na nyuma ndiyo njia. Ikwaruze kwa kisu: rangi ya waridi ina maana ileile ya propela, na vali hiyo itolewe sasa, kabla ya kurudi majini. Zilizo nzima zitie grisi na uziache wazi zimwage maji, zikiwa na wavu dhidi ya nyigu.

Mlingoti unagonga, matanga yana madoa

Henza (kamba za kupandishia matanga) zinazogonga mlingoti usiku kucha hula rangi na hujila zenyewe. Zivute mbali na mlingoti na uzifunge. Afadhali zaidi, zitoe na uache kamba nyembamba mahali pake. Chunguza ncha za nyaya za mlingoti kwa kioo cha kukuza. Ufa mwembamba kwenye kifungio hauna matengenezo, waya ubadilishwe.

Tanga la mbele linalojiviringisha lishushwe. Likifunguka na upepo wakati chombo kiko juu ya jeki, linaweza kukiangusha juu ya jirani yake. Matanga yasuuzwe kwa maji baridi, yakauke kabisa, yakunjwe bila kubanwa. Madoa meusi ni kuvu iliyofungiwa na unyevu. Uzi wa mishono ukikatika kwa kuukwaruza na ukucha, jua limeumaliza, hata kama kitambaa ni kizima.

Maji yanaingia siku ya kushua

Chombo kikigusa maji, mikanda ilegezwe lakini isiondolewe. Hapo ndipo unaposhuka ndani na tochi, lebo mkononi, ukifuta mstari mmoja mmoja: tundu la kipimo, tundu la usukani, ekzosi, impela, kila vali.

Maji yakitoka kwenye shafti, angalia aina ya kizibo. Kile cha nyuzi zilizosokotwa kitadondosha matone machache kwa dakika shafti ikizunguka, na hivyo ndivyo kinavyotakiwa. Kile cha mpira uliokunjamana kimebeba hewa ndani tangu nchi kavu; ubonyeze mpira urudi nyuma mpaka maji yaruke, la sivyo kitazunguka kikavu na kuungua. Chombo cha mbao kitavuja mishononi kwa saa kadhaa, pengine usiku mzima, mpaka mbao zinywe maji na kuvimba. Hicho kiache kwenye mikanda na pampu ikifanya kazi, wala usikimbilie kukikalafati (kuziba mishono yake) upya kabla hakijajifunga chenyewe.

Rudi ndani baada ya saa moja. Rudi tena kabla ya kulala, na ufunue mbao za sakafu. Asubuhi ukikuta ngama ni kavu kama ulivyoiacha, ndipo ufungue fundo na kuitoa lebo kwenye ufunguo.